Kondoo wa Karama na Mashujaa Wenye Macho ya Panzi

Arua, Jumapili alasiri

Kwako mdogo wangu Yasini,

Naomba barua hii ikukute umetulia mahali pamoja, ingawa kwa ninavyokujua hilo ni kuomba makubwa. Kikohozi cha Mama kinaendeleaje? Bado anaamka asubuhi ameshika ubavu? Na kile kidonda chako cha mguu kimefunga, au umeshakitonesha kwa mpira? Mvua imefika huko Bunia, au bado mnateremka bondeni kutafuta maji? Mimi mwili ni mzima, chakula napata, shule naenda. Hayo ndiyo mazima yote niliyonayo. Yaliyovunjika yanafuata, na ndiyo yaliyojaza karatasi hizi.

Sikiliza kwanza. Ndani ya bahasha utakuta karatasi ndogo niliyoikunja na kuishona kwa uzi mweupe. Hiyo ni ya Mama. Hizi kubwa ni zako peke yako. Najua Mama akiona bahasha atakukalisha kwenye kigoda, atafukuza kuku wasipige kelele, atasema, "Soma." Mwambie hizi kubwa ni habari za sinema, mambo ya watoto. Hutakuwa umedanganya, maana nusu yake ni sinema kweli. Kisha nenda nyuma ya jiko uzisome zote kabla hujakata ule uzi. Na jambo moja lisikupite: yule kondoo dume asipande lori. Ukisikia Mama ameshapatana na dereva, mfungue kondoo akapotee porini, upigwe wewe. Nitakueleza kwa nini.

Mpango unaujua. Mimi nilitangulizwa huku kwa baba mdogo ili nisome, na Mama atafuata maharage yakishavunwa, aje Koboko afanye karama ya Baba pale darajani. Dua zisomwe, kondoo achinjwe, watu wale washibe, na Baba ahesabiwe amezikwa hata kama hakuna mfupa. Huku watu wakitaka kulia wana pa kwenda. Ombaci, karibu na misheni, wako wengi waliouawa wamelazwa pamoja kaburini, na jamaa zao huenda kusimama pale, hurudi nyumbani wepesi kidogo. Mama kila siku anasema, "Mimi sina hata kichuguu." Ndiyo maana amemlea huyo kondoo kama mtoto wa tatu.

Na hadithi ya daraja unaijua kuliko mimi, ingawa mimi nilikuwepo na wewe ulikuwa tumboni. Mwaka wa kukimbilia Zaire, serikali ya huku ilipoangushwa, Baba akiwa askari wake, wenzake wakimwita Afande Radi kwa ajili ya sauti yake, tulifika darajani na adui yuko nyuma. Akamwambia Mama, "Endeni, mimi niko nyuma yenu." Akageuka na bunduki yake, akaziba njia peke yake mpaka sisi tukavuka. Nilikuwa na miaka minne. Nakumbuka buti tu, na kamba ya buti moja ilikuwa imefunguka. Mengine yote ameniwekea Mama kichwani. Tumemsomea Baba Fatiha kila Ijumaa miaka kumi na miwili. Wewe ukigombana na watoto wa mtaani ulikuwa unapiga kifua, "Mimi mtoto wa Radi!" Mimi nilisema hivyo hivyo kimoyomoyo, kwa sababu kugombana siwezi, na kusema pia siwezi.

Hilo la kutosema huku limezidi. Shuleni wamenirudisha madarasa mawili nyuma, maana Kifaransa chetu hapa ni kama noti ya Zaire, ukiitoa watu wanaiangalia wanakurudishia. Mwalimu akiniuliza kitu kwa Kiingereza, jibu ninalo, lakini sauti yangu haifiki dawati la pili. Wasichana wananiita Toto ya Zaire. "Toto ya Zaire, meza ulimi basi, kazi yake nini?" Ninacheka nao ili wamalize upesi.

Sasa jirani yetu ni mtu anaitwa Amisi, rafiki wa baba mdogo, wanaswali pamoja. Amisi ana kibanda cha video: mabati, mabenchi ya mbao, televisheni moja, deki, na jenereta inayokohoa kuliko Mama. Watu wa hapa hawaendi kuangalia picha tu. Wanaenda kumsikiliza mfasiri, mtu anayekaa pembeni na maiki akieleza kila neno, na akiona picha imepoa anaongeza lake. Picha moja ikiwa na wafasiri wawili ni picha mbili. Mfasiri wa Amisi anajua Kiingereza. Basi Amisi akaenda soko la Ariwara, upande wa Zaire, akarudi na kaseti ambayo jalada lake lina maandishi ya Kijapani, lakini maneno ya ndani yamebadilishwa yote kuwa Kifaransa. Yule mfasiri akajaribu kubahatisha. Watu wakamrushia maganda ya njugu.

Jioni hiyo hiyo Amisi akaja kwetu, hata hakukaa.

"Bwana, hii toto yako ya Zaire, nasikia iko najua Kifaransa?"

"Anajua," akasema baba mdogo. "Lakini hasemi. Hata salamu unaitoa kwa koleo."

"Apana shida. Atakaa nyuma ya pazia. Hakuna mutu ataona yeye."

Baba mdogo akakubali, kwa sharti iwe mchana tu na niwe nyumbani kabla ya magharibi. Mimi sikuulizwa. Ningeulizwa ningekataa, na leo tungekuwa bado watoto wa shujaa.

Acha nikueleze hiyo sinema, maana najua unaitaka hata katikati ya msiba. Kuna mashujaa wa Kijapani. Kwanza ni watu wa kawaida kabisa, wanapanda pikipiki, wanakula wali. Adui akija wanashika mkanda, wanazungusha mikono hivi, kila mmoja kwa namna yake, wanapiga ukelele, na mara nguo inawavaa: nguo ya kubana kama ngozi ya pili, skafu shingoni, na kichwani kofia ya chuma yenye macho makubwa mekundu kama ya panzi. Watu wa hapa wanawaita Mapanzi. Basi yuko kijana mmoja, shujaa wa siku hizi, na adui amemzidi. Anapigwa mpaka kofia inapasuka jicho moja. Amelala kwenye machimbo ya mawe, umeme unamtoka kifuani. Hapo ndipo unasikia pikipiki. Kwenye vumbi anatokea shujaa wa zamani, yule wa kwanza kabisa, ambaye watu wote walidhani alikufa miaka mingi. Nyuma yake wa pili. Nyuma yake wa tatu. Kila kizazi na rangi yake, kila kizazi na mkono wake wa kuzungusha, mpaka wanajaa kwenye ukingo wa machimbo, wazee kwa vijana, mstari mmoja. Kibanda kizima kilisimama. Hata mimi nyuma ya pazia nilisimama.

Mara ya kwanza nilifasiri kama mwalimu wetu wa Bunia alivyotufunza, neno kwa neno. Amisi akaingiza kichwa kwenye pazia.

"Wewe! Hii iko hotuba ya mazishi? Tia chumvi! Watu wakitaka ukweli watabaki nyumbani."

Basi nikatia chumvi. Sijui ilitoka wapi, Yasini. Kukaa gizani na maiki mkononi, hakuna anayeona uso wangu, sauti ikanitoka kubwa, nzito, kama si yangu. Desturi ya wafasiri ni kuwabatiza mashujaa, maana jina la Kijapani nani atalishika? Yule kijana nikamwita Mwana wa Pajulu, na vijana wa Pajulu wakapiga mabenchi mpaka moja likavunjika. Mwingine anayeanguka anguka nikamwita Mwalimu wa Hesabu. Wakacheka mpaka Amisi akasimamisha kaseti. Na yule mzee wa kwanza, anayetokea kwenye vumbi, nikamwita jina lililokuwa karibu na ulimi.

"Huyu," nikasema, "ni Afande Radi."

Kwa Kifaransa yule mzee anasema maneno mawili tu, "Hakuna wakati," kisha anaanza kupiga. Mimi nikampa mengine. Nikamfanya amwambie yule kijana aliyelala: "Mwanangu, mliniacha darajani mkadhani nimekufa. Niliwaambia endeni, mimi niko nyuma yenu. Miaka yote nilikuwa nyuma yenu." Kisha makofi. Sijawahi kupigiwa makofi, Yasini, hata siku niliyofaulu darasa la sita. Nilikwenda nyumbani nikiwa nimevimba kama mkate. Wiki tatu nilimfufua Baba kila Jumamosi na Jumapili mchana, na kila mara nilimwongezea kitu: mara amebeba watoto wawili, mara risasi zimekwisha anapigana kwa kitako cha bunduki. Baba mdogo haji kwenye video, anasema ni mambo ya shetani, kwa hiyo hakusikia. Laiti angesikia mapema!

Amisi akaamua kupeleka picha Koboko siku ya soko. Hapo nyuma kila nilipomwomba baba mdogo anipeleke Koboko nikaone hilo daraja, alikuwa na sababu. Barabara mbaya. Lori limeharibika. Ngoja Mama yako aje. Siku Amisi alipokuja kuniomba, baba mdogo alikuwa ameenda kwenye kilio huko Aroi. Mkewe, mama mdogo, si mtu wa Koboko na hana habari na mambo ya zamani. Akasema, "Nenda mwanangu, ukaone nchi ya baba yako." Tukapanda lori la Amisi, mimi na jenereta.

Huko tulionyesha picha katika ghala la tumbaku. Harufu yake ilikuwa kali mpaka macho yakaniwasha. Amisi akatundika shuka kwenye kona nikakaa nyuma yake, juu ya gunia. Shuka lilikuwa na tundu. Nikawaona watu wakiingia: wafanyabiashara wa sokoni na vijana, lakini wengi walikuwa wanaume wakubwa, wale walioshika bunduki zamani. Walikaa kwa safu bila kuambiwa, mgongo wima, kama wanangoja kuhesabiwa. Nikafurahi. Nikasema moyoni, hawa ndio watakaojua thamani yake.

Picha ikaenda vizuri. Mwana wa Pajulu nikambadilisha kuwa Mwana wa Koboko, wakapenda. Akapigwa, akaanguka machimboni, umeme ukamtoka. Pikipiki ikasikika. Vumbi. Nikavuta pumzi, nikaitoa ile sauti yangu nzito:

"Tazameni! Nani huyu anakuja? Ni Afande Radi! Yule aliyebaki darajani peke yake!"

Nilingoja makofi. Wakacheka.

Si kicheko cha kawaida. Kilianza mbele, safu ya wale wazee, kikaenda nyuma kama moto kwenye nyasi. Mtu mmoja akaanguka kwenye benchi akishika tumbo. Mwingine akasimama, akaelekeza kidole nyuma ya ghala:

"Radi gani ya darajani? Radi iko hapa nyuma, inauza tumbaku!"

"Radi! Simama watu waone wewe!"

"Afande! Zungusha mukono, gauni ije!"

"Ile ya maua nyekundu, Radi! Iko wapi?"

Kila mtu akageuka. Nami kwenye tundu la shuka nikageuza jicho. Mwisho wa ghala, karibu na mlango, kulikuwa na mwanamume mwenye mvi, koti la kahawia, na fungu la tumbaku magotini. Alikuwa anatabasamu kidogo, kama mimi ninavyocheka na wale wasichana wa shule, ili wamalize upesi.

Sasa nakuungamia, na hili hakuna mwingine atakayelisoma ila wewe. Watu walianza kupiga mabenchi: "Mufasiri! Sema Radi amevaa gauni! Sema!" Amisi akaingiza kichwa, ana furaha kama mtu aliyeokota ng'ombe. "Wape! Wape chumvi!" Nikashika maiki. Nilikuwa nimeshajua? Naapa sijui. Nusu yangu ilijua. Ile nusu nyingine iliogopa ghala zima kuliko ilivyomwogopa Mungu. Nikasema. Kwa sauti ile ile niliyomfufulia, nikasema, "Na huyu Afande Radi, kumbe, amevaa gauni la mkewe!"

Mabati yalitaka kung'oka kwa kicheko. Yule mwanamume akasimama, akapanga tumbaku yake mfukoni polepole, jani kwa jani, akatoka.

Picha ilikwisha, nadhani. Mapanzi wote walishinda, nadhani. Nilitoka kwa mlango wa pembeni nikamkuta amekaa kwenye gogo nje ya ghala. Alikuwa ananingoja. Kwa karibu ana pua yako, Yasini. Hiyo pua uliyokuwa unauliza imetoka wapi, maana si ya Mama.

"Wewe ndiye mufasiri?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Toto mwanamke," akasema, akacheka kidogo. "Sauti kubwa hivyo, kumbe toto mwanamke. Nani alikupa hii jina, Radi?"

"Mama."

"Mama yako jina yake nani?"

"Mariamu."

Alikuwa anasokota tumbaku. Vidole vikasimama. Hakuniuliza tena jina langu. Alilisema mwenyewe: "Zaituni." Kisha akainua mkono akaonyesha kimo karibu na goti lake. "Ulikuwa hivi."

Ningependa kukuandikia kwamba alinikumbatia. Hakunikumbatia, na mimi sikusogea. Tulikaa kama watu wawili wanaongoja lori moja. Nikamuuliza habari ya daraja, maana nilikuwa bado nang'ang'ania.

"Hakuna mutu alibaki darajani," akasema. "Wanaume wote walikuwa nakamatwa pale. Wanawake wanapita. Mama yako akavua gauni yake ya juu, ile ya maua nyekundu, akanivalisha. Mikono yake mwenyewe. Akanifunga kitambaa kichwani. Uniform tukatupa kwa maji. Akasema, wewe pita na wale wamama wa Aroi, mimi nipite na wengine, tutakutana ng'ambo."

"Ukapita?"

"Nikapita. Ng'ambo nikakuta askari yangu, vijana yangu, wale nilikuwa napigia kelele paredi. Wamepita porini na nguo zao. Wakaniona." Akatema mate pembeni. "Risasi ingekuwa afadhali."

Nikauliza swali ambalo hadi leo najuta. "Na sisi? Hukutuona?"

Akarudia kusokota tumbaku. "Niliona. Alikuwa amekubeba mgongoni na tumbo mbele. Anauliza kila mutu, umeona mume wangu, amevaa gauni ya maua? Ya maua nyekundu? Anasema kwa sauti, mbele ya vijana yangu wote. Nikajificha nyuma ya wale wamama mpaka akachoka akaenda. Nikaenda Sudan siku hiyo."

Wale Wajapani, Yasini, wakishika mkanda nguo inakuja. Ya Baba yetu ilitoka, na alipoivua alituvua na sisi.

Ana mke huko. Ana watoto watatu. Mmoja, msichana mdogo, alikuja kumwita, akamning'inia mkono huku akinitazama kama ninavyomtazama mgeni mimi. Nikamwambia Baba kwamba Mama anamsomea Fatiha kila Ijumaa, na kwamba anakuja na kondoo kumfanyia karama pale darajani. Nilidhani atalia.

"Ananiombea kama mutu amekufa?"

"Ndiyo."

"Na hiyo ya kubaki na bunduki, ni yeye alitunga?"

"Ni yeye."

Akaangalia chini. "Mariamu," akasema. Kisha: "Mwambie asije. Tafuta sababu. Lakini hii usimwambie. Aniache pale darajani. Pale niko muzuri."

Nilipoondoka akaniita. "Hii mzee ya sinema, mwisho anakufa?"

"Hafi. Wote wanapanda pikipiki wanaenda."

"Hata yeye?"

"Hata yeye."

"Basi ni uongo," akasema, akamshika mtoto wake mkono akaenda sokoni.

Nilipofika Arua baba mdogo alikuwa amesharudi na habari zilikuwa zimemfikia, maana Koboko ikicheka Arua inasikia. Nilitegemea fimbo. Alikuwa amekaa mkekani, hakuvua hata viatu. Nikamwambia, kwa sauti iliyofika nje, "Ulijua." Mara yangu ya kwanza kumwambia mtu mzima hivyo.

"Nilijua," akasema. "Tangu turudi."

"Na barua za Mama za karama ulikuwa unazijibu."

"Nilidhani hatakuja kweli. Mwanangu, mtu akishakufa vizuri, mwache. Wangapi wetu walikufa vizuri?"

Nimelikataa neno hilo wiki nzima, na sasa nakuambia kwa nini. Unakumbuka ile Idi, ulipomletea Mama kile kitambaa cha maua mekundu? Ulikuwa umefurahi, ukakitandaza kitandani. Mama akakitazama, akaanguka chini akalia mpaka majirani wakaja. Ukajiona kama mwizi. Ukakirudisha dukani unalia na wewe. Na hajavaa nyekundu tangu tupate akili, wewe na mimi. Tulisema ni huzuni ya ujane. Si huzuni, Yasini. Mama anaamini walimkamata Baba kwa sababu ya lile gauni. Anaamini yeye ndiye aliyemvalisha kifo kwa mikono yake, akamfunga na kitambaa. Ndiyo maana akatunga daraja. Hakutunga kwa ajili yetu peke yetu. Alitafuta mahali pengine Baba afie, mahali ambapo mikono yake haikuwepo. Na Baba yuko sokoni anasokota tumbaku.

Nimekasirika naye. Nimekasirika na baba mdogo. Nimekasirika na Mama pia, nisikufiche, kwa kunipa baba ambaye nilimpeleka mwenyewe mbele ya watu akachekwe. Lakini kila siku inapokwisha hasira inanirudia mimi mwenyewe. Mama alimwongezea Baba maneno kwa mapenzi, mimi nikaongeza juu yake kwa ajili ya makofi. Na mwisho nikasema lile la gauni. Baba alitoroka kwa sababu watu walicheka, nami nikamsaliti kwa sababu watu walicheka. Huenda hilo ndilo nililorithi, wewe ukachukua pua. Amisi amekuja mara mbili kuniita. Sijaenda. Shuleni nimenyamaza zaidi ya mwanzo.

Nisalimie maalimu wetu wa madrasa, umwambie juzuu yake ninayo bado. Nisalimie Mama Bahati, jirani yetu wa maandazi, aliyenipa sweta lake nikisafiri, lile ndilo ninalolalia. Nisalimie binamu yetu Saidi fundi baiskeli, na mkewe aliyejifungua. Shangazi wa ng'ambo ya mto usimwambie lolote, yeye huchelewa kunyamaza. Baba mdogo anawasalimu, hajui ninachoandika. Mama mdogo anawasalimu na anataka kujua kama Bunia kuna mbegu za kunde nyeupe.

Sasa ile karatasi ya Mama. Nimeiandika mara nne. Ya kwanza ilijaa kurasa mbili, na nilipoisoma nikasikia ile sauti yangu ya nyuma ya pazia, nikaichana. Hii uliyonayo ina mistari miwili tu: *Mama, usichinje kondoo. Gauni halikumuua.*

Basi. Kata uzi, mkalishe, fukuza kuku, msomee. Atakuuliza. Atakushika mabega atakuuliza kwa nguvu. Akiuliza yuko wapi, mwambie yuko wapi. Akiuliza yuko na nani, mwambie yuko na nani. Asichouliza usimpe. Akilia, mwache alie, usimtafutie neno la kumpoza, na wala usimwambie Baba alimlilia, maana hakumlilia. Alitaja jina lake mara moja, "Mariamu," akiwa anaangalia chini. Hilo ndilo pekee ninaloweza kumtumia kutoka kwake. Mpe hivyo hivyo lilivyo.

Usitie chumvi, mdogo wangu.

Ni mimi yaya, dada yako mkubwa,
Zaituni